Kitanda Kimoja Bombay

Reginald alirudi kutoka ghalani Masasi amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe lilikuwa limeshazama. Ethel alikuwa uani kwao Newala anachambua kunde. Alipoiona ile miwani akajua leo kuna jambo, maana mume wake alikuwa mtu wa kutaka aonekane kwanza, maneno baadaye.

"Mama Arthur, Bombay unaijua iko wapi?"

"Iko huko huko iliko," akajibu Ethel, hakuinua macho.

Hivyo ndivyo alivyopata habari kwamba anakwenda kutembea Asia. Miaka miwili mitatu nyuma, kabla soko la korosho halijaachiwa wanunuzi binafsi, Reginald alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kalamu mbili mfukoni na viatu vilivyoliwa visigino. Soko lilipoachiwa, chama kikabaki na jengo na mlinzi, na wanunuzi wakamiminika kutoka kila upande. Mmoja wao, Bwana Mansukh wa Mtwara, alimpa Reginald mizani na magunia ya kuanzia. Msimu ule hakuna wakala aliyekusanya korosho nyingi kama yeye. Bwana Mansukh akafurahi, akasema nenda na mkeo Bombay kwa ndugu zangu, siku kumi, mkale, mkalale, mkatazame mji. Tangu hapo Reginald akaanza kutembea kama mtu aliyebeba yai kichwani.

"Lini?" akauliza Ethel.

"Mwisho wa mwezi wa sita."

Ethel akaacha kunde. "Mtoto atakuwa jandoni."

"Atakuwa na mjomba wake. Wewe huko utamsaidia nini? Wanawake hawafiki."

Hilo lilikuwa kweli. Mama hafiki kule msituni, hata kivuli chake hakifiki. Lakini mama na baba wana kazi yao, nayo ni ngumu kwa wengine kuliko kulima. Maadamu mtoto yuko kumbini, kule kwenye kambi ya jando, wazazi wake hawalali pamoja, wala hawalali na mtu mwingine yeyote. Atakayevunja mwiko, kidonda cha mtoto hakikauki mpaka mkosaji amtajie ngariba aliyelala naye. Mama yake Ethel aliushika mwiko huo, na bibi yake vilevile. Hata padri aliyekuja kila msimu kuwabariki wavulana kabla hawajaingia hakuwahi kuupinga. Aliwatazama wazazi mmoja mmoja, akasema, "Mnajua wenyewe," akapanda baiskeli yake.

Reginald alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mambo ya kale hayo. Siku hizi ngariba anavaa glavu, unga wa dawa upo, sindano zipo. Kidonda kina masikio? Kinajua baba mtu kalala wapi?"

Ethel hakubishana. Kubishana na Reginald ni kumpa baraza. Lakini Arthur alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Wawili waliomtangulia walikuwa wamelala nyuma ya kanisa, mmoja wa siku tisa, mwingine wa mwaka na nusu. Ungemwambia Ethel kwamba mwanawe atapona haraka akisimama kwa mguu mmoja, angesimama mwezi mzima, na kazi yake ya kushona angeifanya hivyo hivyo.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini ujue ninakwenda kutazama mji."

Arthur aliingia kumbini katikati ya mwezi. Alishikwa mkono na mjomba wake Yeremia, kaka mkubwa wa Ethel, kwa sababu kwao mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye mzigo. Reginald hakuwepo. Alisema kazi imemzidi kule Masasi, akalala huko wiki nzima. Kisha akatangulia Dar es Salaam peke yake kushughulikia pasi za kusafiria, eti mambo ya ofisini hayamfai mwanamke. Ethel alimfuata baadaye kwa basi, siku mbili njiani, vumbi mpaka kwenye meno.

Bombay waliikuta ndani ya mvua. Si mvua ya kunyesha ikaacha. Ilikuwa mvua iliyohamia, na watu wanapita humo wakiuza ndizi. Ethel alikuwa mtoto wa Newala, na utoto wake wote ulikuwa ndoo. Alfajiri walishuka bondeni wasichana kumi, wakapanda ule mlima na maji kichwani, na jasho lililowatoka lilikaribia kuwa jingi kama maji waliyobeba. Hata leo alioga kwa bakuli moja na la pili lilimtia aibu. Sasa alisimama dirishani hotelini akitazama maji yakitoka juu ya mapaa, yakiingia mitaroni, yakienda baharini, na hakuna hata mtu mmoja aliyetega sufuria. Moyo ulimuuma kabisa. Akachukua ndoo ya bafuni, akachukua na kile kipipa cha kutupia karatasi, akavipanga nje ya dirisha.

"Unanitia aibu," alisema Reginald. "Bafuni kuna bomba."

"Na likikatika?"

Halikukatika. Mfanyakazi wa hoteli alikuja akaviondoa vile vyombo kwa adabu, na Ethel akavirudisha. Mchezo huo uliendelea mpaka mfanyakazi akachoka.

Lakini la bomba lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kitanda. Kilikuwa kimoja, kipana kama uwanja, na shuka jekundu, na juu yake wametawanya maua. Kumbe Reginald alikuwa amewaambia wenyeji kwamba yeye na mkewe hawakupata fungate zamani, kwa hiyo hii ndiyo fungate yao. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, nywele za kando zimeshakuwa nyeupe, anajiita bwana harusi. Ethel alikitazama kitanda, akayafagia maua kwa kiganja, akatandika kitenge chake chini karibu na dirisha.

"Nimezoea mkeka," akasema.

Asubuhi alikuja kuwachukua mama yake Bwana Mansukh, Bi Jamna, na gari na dereva. Bi Jamna alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na ushei aliyezaliwa Lindi, akaolewa Lindi, akaondoka huko nyumba yake ilipotaifishwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Lindi hasa, kimetulia, na alikizungumza kama mtu anayefungua sanduku la nguo zake nzuri.

"Shikamoo, bibi," alisema Ethel, na nusu ya ugeni wa mji ukamtoka pale pale.

"Marahaba, mwanangu. Watoto wangapi?"

"Mmoja, bibi. Yuko jandoni."

Bi Jamna akageuka. Akamtazama Ethel, akamtazama Reginald aliyekaa mbele na dereva. "Jandoni. Na nyinyi mko huku, chumba kimoja?"

"Mimi nalala chini."

"Vizuri," alisema Bi Jamna. Reginald ghafla akaanza kusoma mabango ya barabarani kwa makini sana, na yalikuwa ya maandishi ya Kihindi.

Basi wakatembea. Waliona lango kubwa la mawe pale ufukoni, na Reginald akamweleza mkewe kwamba lilijengwa na mfalme wa Wareno. Bi Jamna akasema la, lilijengwa kwa ajili ya mfalme wa Waingereza alipokuja kutembea. Reginald akasema ndivyo alivyokuwa akitaka kusema. Waliona stesheni ya treni yenye minara na sanamu za wanyama ukutani, watu wakimwagika humo kama mtama gunia linapopasuka. Reginald akasema Masasi nayo ingekuwa hivi wazungu wasingeing'oa reli. Walitaka kwenda kisiwani kutazama mapango, lakini bahari ilikuwa imechafuka na maboti hayatoki, na Reginald akamgombeza mwenye boti kwa Kiingereza, mwenye boti akamjibu kwa Kihindi, kila mmoja akaridhika kwamba ameshinda.

Ethel ndiye aliyeshika kamera. Picha thelathini na sita, na karibu zote zilikuwa za Reginald: Reginald na lango, Reginald na basi la ghorofa, Reginald akimwegemea ng'ombe asiyekuwa na habari naye. Miwani ya jua hakuivua hata mvua ilipomlowesha mpaka soksi. Ethel alitokea katika picha moja, tena kiwiko tu, siku dereva alipoombwa ampige bwana picha.

Mahali Ethel alipopapenda ni pale wafuaji nguo wanapofulia hadharani, mamia ya wanaume ndani ya mabirika ya mawe, wakipigiza mashati mpaka masikio yanaziba. Alisimama darajani akawatazama saa nzima. Akauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na nani anayepanga zamu. Reginald aliona aibu. Amemleta mkewe ng'ambo, amemwonyesha mambo makubwa ya dunia, naye macho yote kwa madobi.

Na kila jioni aliipangia hila yake. Siku ya kwanza alileta bangili. Siku ya pili kitambaa cha hariri. Siku ya tatu alileta peremende za maziwa, akazifungua mwenyewe, akampa mkononi. Hapo ndipo Ethel alipomwonea kinyaa kidogo, maana miaka kumi na nne ya ndoa hajawahi kumenyewa hata chungwa.

"Dunia inakwenda mbele," Reginald alisema akiwa juu ya kitanda chake kikubwa. "Watu wamefika mwezini. Wewe unalala sakafuni kwa ajili ya ngariba."

"Silali kwa ajili ya ngariba. Nalala kwa ajili ya Arthur."

"Ushamba huo."

"Haya," alisema Ethel, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya sita walikuwa sebuleni kwa Bi Jamna, wanakunywa chai ya maziwa na iliki. Reginald alikuwa anawaeleza wenyeji namna anavyoleta maendeleo kusini. Mara ikaletwa karatasi ya faksi kutoka ofisi ya Mtwara. Bi Jamna akavaa miwani yake, akaisoma kwa sauti bila kujua ndani kuna nini. Yeremia wa Newala alituma salamu juzi, zimefika leo. Kidonda cha Arthur hakijakauka, wenzake wote wameanza kuoga mtoni. Kesho saa nne asubuhi atakuwa posta ya Newala, wampigie.

Ethel aliweka kikombe chini taratibu. Aliwaza kule msituni, na mwanawe amelala chali katika majani, na wenzake wanapita mbio kwenda majini. Kisha akawaza jambo la pili, nalo lilikuja bila kuitwa. Yeye alijijua. Alikuwa amelala chini siku zote sita, na huko nyuma Newala alilala peke yake tangu mtoto aliponyolewa nywele za kuingia jandoni. Kwa hiyo si yeye.

Akageuka kumtazama mume wake.

Reginald alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na bado kilikuwa kinagongana na kisahani. Hakusema kidonda hakina masikio, wala hakutaja sindano au mwezi.

"Wenzake wote?" akauliza. "Imeandikwa wote?"

"Wote," alisema Bi Jamna.

Siku ile hakula tena. Hotelini alivua ile miwani, akaketi ukingoni mwa kitanda akiitazama mikono yake. Ethel hakumuuliza kitu. Angeuliza nini, na jibu limekaa mbele yake limevaa suti ya kijivu? Alipiga magoti kwenye kitenge chake akamwombea mtoto. Wivu, kama ulikuwepo, aliuambia usubiri.

Kesho yake wakarudi kwa Bi Jamna. Kuipata Newala ilichukua karibu saa nzima, kutoka opereta mmoja kwenda mwingine, laini inakatika, inarudi, inaleta sauti za watu wengine wanaouziana mashine za pamba. Hatimaye ikasikika sauti ya karani wa posta, kisha ya Yeremia, mbali lakini safi. Ethel alinyoosha mkono. Reginald akamwahi, akaunyakua mkono wa simu kama mtu anayeokoa kitu motoni.

"Shemeji!" akapiga kelele, maana aliamini umbali ule unahitaji kelele. "Shemeji, ni mimi! Mama Arthur hana kosa, ni mimi! Mwambie ngariba ni mimi!"

Hakungoja jibu.

"Mwambie ni Paulina! Yule wa pale ghalani anayechagua korosho! Na Rukaiya, Rukaiya wa stendi ya Masasi, mara mbili! Unanisikia? Na mwingine wa Dar es Salaam, huyo simjui jina. Mwulize ngariba, asipojulikana jina dawa itafaa? Ana mwanya! Mwambie ana mwanya!"

Bi Jamna aliitazama sakafu. Dereva, ambaye hakujua Kiswahili, alimtazama Bi Jamna ili ajue kama anapaswa kutoka. Mwiko ulitaka kuvunjwa mara moja tu ili kidonda kigome, na huyu bwana alikuwa ameuvunja kama anayepasua kuni.

"Shemeji," ilisema sauti ya Yeremia, na kwa kuwa Reginald alikuwa ameuweka ule mkono wa simu mbali na sikio, sebule nzima ilisikia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mtoto hajambo. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda siku ile ile nilipotuma salamu, wamempiga sindano, wamempa na dawa ya kusafishia. Tangu jana kinakauka. Nilitaka niwaambie msiwe na wasiwasi. Mpe dada simu."

Ethel akaipokea. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hapa posta wamesikia. Kuna foleni."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Alilia?"

"Alilia siku tatu nne hivi. Sasa anatuchokoza. Jana kamwibia mzee wa jando kofia."

Ethel akalia hapo, mbele ya watu, mkono wa simu sikioni, machozi yanashuka tu na yeye anacheka. Hakujali nani anamtazama. Bi Jamna akaja akasimama karibu naye mpaka laini ikakatika.

Walipokaa tena chai ikamiminwa upya. Na hapa ndipo Reginald alipoonyesha ni mtu wa namna gani, maana dakika kumi hazikupita akawa amepata rangi. Alikunywa kikombe kizima. Akapangusa masharubu. Akatafuta miwani yake mfukoni, akaivaa.

"Sindano," akasema. "Si mnaona? Nilisema tangu mwanzo. Ni vijidudu tu, ni dawa tu, mambo ya wazazi hayamo. Kwa hiyo, Mama Arthur, ukitazama kwa akili, hakuna aliyeumizwa na yeyote." Akamgeukia Bi Jamna apate wa kumuunga mkono. Bi Jamna alikuwa na shughuli na birika.

Ethel alimwacha amalize. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Baba Arthur, kama ungekuwa huamini, ungekuwa mhuni tu. Wahuni nawajua, Newala wapo, wengine nawashonea suruali. Ningekasirika, ningekwenda kwa kaka, tungesemezana, yangekwisha. Lakini jana hukuweza kushika kikombe. Leo hukunipa mimi simu. Unaamini kuliko mimi. Ulipokuwa unabisha hodi kwa Paulina ulikuwa unaamini kwamba mtoto wako ataumia kwa ajili yako. Ukavua viatu, ukaingia. Na kwa Rukaiya hivyo hivyo. Na kwa huyo mwenye mwanya hivyo hivyo. Nataka nijue, ukivua viatu ulikuwa unamwazaje Arthur?"

Nje mvua iliendelea. Reginald aliisukuma miwani juu ya pua. Pale palikuwa na majibu mengi ya uongo ambayo mtu mwerevu angeyaokota, na mke angeyajua ni ya uongo, na bado yangemsitiri. Angeweza kusema hakumwaza. Angeweza kusema shetani. Lakini alikuwa ametikisika, na mtu aliyetikisika husema lile lililo karibu.

"Nilidhani atachelewa siku mbili tatu tu," akasema.

Bi Jamna akaweka birika mezani. Ethel akamtazama yule mtu wa miwani, akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akamwomba bibi mwavuli wa mtu mmoja.